Mgombea akishika Biblia au Msahafu, wewe shika Katiba

(Ifuatayo ni hotuba ya mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa maskani mjini Mombasa. Tunaichapisha karibu yote. – Mhariri)

Ndugu zangu wa maskani, assalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Nimetoa salamu zote mbili kwa kuwa nyote mpo hapa, na kwa kuwa mgombea naye hutoa zote mbili. Tofauti yangu na yeye ni kwamba mimi siombi kura.

Nimeitwa nizungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu anadhani analijua. Mgombea anaposimama akasema yeye ni mcha Mungu, anapinga utoaji mimba, atailinda dini, je, maneno hayo yanageuza kura yako? Jibu langu ni kwamba mara nyingi hayakutoi upande uliopo kukupeleka mwingine. Kazi yake ni kukufunga pale pale ulipo usitoke. Na wewe ukiwa umefungwa hapo, umekodoa macho mimbarini, kuna jambo jingine linapita. Wewe uliyekaa hapa, na wewe utakayelisoma hili gazetini, usiniamini kwa sababu nina kalamu. Pima mambo yenyewe.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1992, vyama vingi viliporudi. Hapa Mombasa vijana walijitokeza na Islamic Party of Kenya, IPK. Serikali ya KANU ikakataa kukisajili chama hicho, ikisema siasa haichanganywi na dini. Haya. Lakini katika redio na televisheni ya serikali hiyo hiyo, kila Jumapili, habari kubwa ilikuwa kwamba Mtukufu Rais Moi amehudhuria ibada katika kanisa fulani. Hiyo haikuitwa kuchanganya dini na siasa. Iliitwa taarifa ya habari. Tangu siku zile tulipaswa kujua kwamba dini ya mwenye madaraka huitwa uadilifu, na dini ya mpinzani huitwa hatari kwa usalama.

Sasa njooni mwaka 2007. Mwezi Agosti Raila Odinga alitia saini maelewano na viongozi wa Kiislamu wa NAMLEF. Kilichokuwa kikiwauma Waislamu wakati ule kilijulikana: watu walikuwa wakikamatwa kwa tuhuma za ugaidi na kuvushwa mpaka kupelekwa Somalia na Ethiopia bila kufikishwa mahakamani. Haukupita muda, ikazungushwa karatasi nyingine, eti Raila ameahidi sharia ya Kiislamu nchini. Mkristo akatishwa kwa Mwislamu. Kampeni ikaendelea hivyo hadi Desemba. Uchaguzi ulipoharibika, nani alimuua nani? Mgogoro ule haukuwa wa msikiti na kanisa hata kidogo. Tarehe 1 Januari 2008, pale Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomwa moto humo humo kanisani. Aliyeshika kiberiti hakuuliza mtu ni wa dhehebu gani, aliuliza ni wa kabila gani. Februari ile Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, likawaomba Wakenya radhi kwamba viongozi wa kanisa walielemea pande. Waliomba radhi, nawapa heshima yao. Wanasiasa hao hao waliokuwa wakipigiwa makofi madhabahuni sikusikia wameomba.

Lakini kielelezo kikubwa kuliko vyote ni kura ya maoni ya Katiba, tarehe 4 Agosti 2010. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Mnakumbuka rangi: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa La. Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila walikuwa kijani. William Ruto, aliyekuwa waziri katika serikali hiyo hiyo, aliongoza wekundu, na mzee Moi nyuma yake. Na nyuma yao walikuwapo maaskofu wa Katoliki, NCCK na makanisa ya kiinjili. Hoja zao mimbarini zilikuwa mbili: Katiba hii inaruhusu kutoa mimba, na Katiba hii inaleta mahakama za kadhi.

Tuanze na ya pili, maana inatuhusu watu wa Pwani. Mahakama za kadhi hazikuletwa mwaka 2010. Zilikuwamo katika Katiba ya uhuru ya 1963, kwa sababu ya mapatano na Sultani wa Zanzibar juu ya ukanda wa maili kumi wa Pwani, hapa tulipoketi. Kadhi anaamua ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, baina ya Waislamu watupu, tena waliokubali kufika mbele yake. Mkristo wa Kisumu au Nyeri hamuoni kadhi maisha yake yote, labda awe jirani yake. Hata hivyo watu walielezwa kana kwamba kadhi atakuja na ng'ombe wake kulala kwao.

Na ile ya mimba? Chukua Katiba, fungua Kifungu cha 26. Kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kisha kinasema kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa pale ambapo mtaalamu wa afya aliyehitimu anaona matibabu ya dharura yanahitajika, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Ndivyo kilivyo. Mtu ana haki ya kusema neno 'afya' ni pana mno, au kwamba mlango ule wa 'sheria nyingine' ulipaswa kufungwa. Hiyo ni hoja, na maaskofu waliitoa kwa imani yao. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na yule mheshimiwa aliyeshika kipaza sauti akawaambia akina mama kwamba wakipiga Ndiyo watoto wataanza kuuawa hospitalini Alhamisi asubuhi.

Matokeo? Ndiyo ilipata takriban asilimia 67. Mikoa saba kati ya minane ilikubali. Ni Bonde la Ufa peke yake lililosema La. Mkoa wa Kati, wenye Wapresbiteri na Wakatoliki tele, ulisema Ndiyo kwa zaidi ya asilimia 80. Nyanza, kwa Waadventista, Waanglikana na Wakatoliki, ilipita asilimia 90. Waraka ulisomwa kanisani Jumapili, waumini wakasikiliza kwa adabu, wakaimba, wakatoa sadaka, na Jumatano wakaenda kupiga kura walivyoelekezwa na Kibaki na Raila. Bonde la Ufa nalo likamfuata Ruto na Moi. Biblia ni ile ile, Kifungu cha 26 ni kile kile, majibu mawili. Aliyewatofautisha hakuwa Mungu. Alikuwa kigogo wa kwao.

Na huku mabishano ya mimba yakirindima, kulikuwa na Sura ya Tano. Sura ya Tano ni ardhi. Inasema mgeni hamiliki ardhi zaidi ya kukodi miaka 99, na inalitaka Bunge litunge sheria ya kiwango cha juu na cha chini cha ardhi ambayo mtu mmoja anaweza kumiliki. Ruto mwenyewe aliipinga sura hiyo waziwazi, hakuificha. Lakini jiulize, katika mikutano ile, wewe au baba yako mliisikia mara ngapi ardhi, na mara ngapi mimba? Sisi Pwani, tuliojaa maskwota juu ya ardhi ya mabwenyenye wasiokaa hapa, ndio tuliopaswa kuipigia kelele sura ile usiku na mchana. Tuliikubali Katiba, ndiyo, kwa kura nyingi. Lakini mabarazani tulitumia muda mwingi kumtetea kadhi ambaye hakuna aliyekuwa akimwondoa tukishinda.

Sasa sikilizeni lililofuata. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta aliyekuwa kijani na Ruto aliyekuwa mwekundu waliungana, wakapiga magoti pamoja wakiombewa, wakaingia Ikulu. Mwaka 2022 Ruto akagombea mwenyewe, kwa nyimbo za dini na maombi kila mahali, akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Na ni nani waliompa kura kwa mafuriko? Ni watu wa Mlima Kenya, wale wale waliomkatalia mwaka 2010. Je, kati ya 2010 na 2022 Kifungu cha 26 kilibadilishwa? Hata nukta. Yeye aliwahi kuleta mswada wa kukiondoa? Hata waliotaka kuikarabati Katiba kwa BBI mwaka 2020 hawakukigusa. Basi kama kweli kile kilikuwa kifungu cha kumwaga damu ya watoto, mbona wote walikaa nacho kimya madarakani?

Kimya hicho kina wanaokilipia, na hapa ndipo nataka kusema nasi wanaume. Wizara ya Afya pamoja na watafiti wa APHRC walikadiria kwamba mwaka 2012 zilitolewa mimba karibu 465,000 nchini, na wanawake wapatao 120,000 walitibiwa kwa madhara yake. Nusu milioni, ndugu zangu, katika nchi ambayo kila mwanasiasa ni mlokole au alhaji. Sheria ya Adhabu bado ipo: mwanamke hadi miaka 7 jela, anayemtoa hadi 14. Katiba inafungua mlango kidogo, Sheria ya Adhabu inausukuma, na Bunge ambalo lingesema mlango ni upana gani halijasema. Desemba 2013 Wizara iliondoa mwongozo uliokuwa ukiwaonyesha wauguzi cha kufanya. Ikawa muuguzi anaogopa polisi, msichana anaenda uchochoroni. Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, katika kesi iliyomhusu msichana aliyebakwa, akatolewa mimba kwa njia ya hatari, akafa mwaka 2018.

Katika hesabu hiyo yote, kijana aliyempa msichana mimba kisha akazima simu hana kifungu. Naye ndiye utamkuta maskani anabishana kwa sauti kuu nani mgombea msafi wa imani. Cheka, lakini unamjua. Unaweza kupinga kutoa mimba kwa moyo wako wote, na dini zenu zote mbili zina maneno mazito juu yake. Ukipinga, basi mgombea wako aeleze msichana wa Likoni aliyepata ujauzito kidato cha pili atarudi shule vipi, na atajifungulia wapi kukiwa na mgomo wa wauguzi. Ukiona mlango uongezwe upana, aeleze ataandika sheria gani. Anayesema 'mimi namcha Mungu' akaketi, hajasema lolote.

Mnaniambia labda ni sisi Waafrika tu. Hapana. Marekani, ambako suala hili limechacha kuliko kokote, Trump aliwaahidi walokole wa kizungu mwaka 2016 kwamba atateua majaji wa kuifuta hukumu ya 1973 iliyohalalisha utoaji mimba. Takriban 8 katika 10 wakampigia. Akateua majaji watatu, na Juni 2022 hukumu ikafutwa. Penda usipende, wale waliuza kura yao kwa bei iliyoandikwa. Si kwa magoti. Lakini ona jimbo la Missouri, Novemba 2024. Siku moja, karatasi moja ya kura, watu walipitisha kipengele cha kulinda haki ya kutoa mimba, na papo hapo wakampa Trump zaidi ya asilimia 58. Walipotenganishiwa jambo na mtu, wakachagua kila kimoja mbali. Katika uchaguzi wa kawaida hutenganishiwi. Unauziwa kapu zima, na dini ndiyo mchicha wa juu unaofunika nyanya zilizooza.

Kuna walioanza kulipekua kapu. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia katika makanisa ya Kianglikana. Jumapili ya tarehe 23 Juni 2024, siku mbili kabla ya kuingia Bungeni, vijana wa rika lenu waliitana makanisani kuwapinga wanasiasa kupewa mimbari. Novemba ile ile Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likarudisha fedha alizotoa Rais katika kanisa la Soweto. Lakini msishangilie mapema. Machi 2025 Rais aliahidi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, na wapo waliopiga vigelegele. Na misikiti yetu je? Ramadhani ikiingia mwaka wa uchaguzi, mgombea ambaye hajui hata kofia inavaliwa vipi utamkuta ameketi mkekani mbele ya futari aliyoilipia, picha zinapigwa, imamu anamsifu. Futari tunaila. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayemuuliza kitu kabla ya tende ya kwanza.

Kwa hiyo akija, muulize. Muulize Kifungu cha 26 kinasemaje, wengi hawajakisoma. Muulize hati za ardhi za mtaa wako ziko mezani kwa nani. Muulize fedha za kujenga kanisa au msikiti zimetoka mfuko upi, maana mshahara wa mbunge unajulikana. Akikujibu kwa aya, mwambie aya tunaijua, tumefundishwa na mama na maalim.

Muda niliopewa umekwisha, na naona kule nyuma mkono umenyooshwa tangu nilipomtaja kadhi. Haya ndugu, simama useme.