KUJITEGEMEA SI KUJITENGA

(Hotuba iliyosomwa na mjumbe mmoja wa Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kulesa)



Katibu amekwisha kuwasomea taarifa ya mwaka, na Mweka Hazina amekwisha kuwaonyesha daftari lake. Mimi sikupewa hesabu. Nimepewa jambo moja ambalo Halmashauri haikutaka kulikata peke yake, ikaona yafaa liletwe kwenu nyote.

Kundi la vijana wetu, waume kwa wake, wameleta barua. Wataka kuanzisha kijiji chao kando ya mto. Watalima mpunga na mahindi, watapanda migomba na miembe, watafuga samaki na nyuki, na mavuno watagawana kwa haki, ili wasimtegemee mtu wala kungoja chakula cha msaada. Kwetu waomba mambo mawili: ardhi, na mchango kutoka katika mfuko wa Chama.

Barua hiyo nimeisoma mara tatu, na yaliyomo nimeyapenda. Kijana anayeomba jembe ni baraka katika nyumba. Lakini kuna neno moja lililonisimamisha. Waliandika kwamba hawana haja ya sheria nyingi, kwa kuwa wote wana nia moja. Wanangu, hapo ndipo nataka kuanzia.

Pengine wengi wenu hamjapata kusikia kwamba, yapata miaka 130 iliyopita, walikuja watu katika pwani yetu wakiwa na neno kama hilo. Mwaka 1890 mtaalamu mmoja wa uchumi wa Austria, Theodor Hertzka, alitoa kitabu kiitwacho Freiland, maana yake Nchi Huru. Ni hadithi ya kubuni, nayo yasimulia habari za watu wenye nia moja wanaoanzisha nchi yao karibu na Mlima Kenya, mahali ambapo ardhi haimilikiwi na mtu mmoja, na kila afanyaye kazi hupata fungu lake. Kitabu kilipendwa huko Ulaya, vyama vikaundwa, fedha zikachangwa. Mwaka 1894 kundi la kwanza, chini ya uongozi wa Dkt. Julius Wilhelm, likashuka Lamu. Shauri lao lilikuwa kuufuata mto wetu huu wa Tana mpaka bara, wakaijenge nchi hiyo.

Hawakuijenga. Nia moja waliyotoka nayo kwao ilikwisha pale Lamu, katika mabishano na magomvi, na kabla mwaka ule haujaisha kundi lilikuwa limekwisha kutawanyika. Jambo la kusikitisha ni kwamba hawakushindwa na shamba, maana shamba hawakulifikia. Walishindwa na siku ya kwanza ya kutopatana, kwa sababu hawakujiandaa kwa siku hiyo.

Nao laiti wangalipanda mto huu kwa unyenyekevu, wangaliona vijiji vya watu wanaolima, wanaovua, wanaochonga mitumbwi na kulisha watoto wao, bila ya kusoma kitabu kile. Wazee wetu hawakuwa malaika. Waligombana kama sisi tugombanavyo. Lakini walijua kwamba watu watagombana, ndiyo maana wakawa na baraza la Gasa la kukata mashauri ya mipaka, ya mito na ya ndoa. Walingoja mto ufurike, wakapanda maji yalipopungua, udongo ukiwa bado umeshiba. Hawakuweka chakula chao chote katika zao moja. Yule aliyekosa mpunga alikuwa na ndizi, na aliyekosa ndizi alikwenda ziwani kuvua. Umoja wao ulikuwa na taratibu zake.

Sasa nitaungama jambo langu mwenyewe, maana si haki kuwasema watu waliokufa zamani na kujificha mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mmoja wa watu kumi na wawili tuliochanga fedha, tukanunua mashine ya kuvuta maji, tukalima pamoja. Sote tulikuwa marafiki. Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri, tukachinja mbuzi, tukasifiana. Katika msimu wa pili kifaa kimoja cha mashine kikavunjika. Tukaulizana: fedha za kununulia kingine ziko wapi? Mshika fedha nilikuwa mimi. Wallahi sikula hata senti moja. Lakini sikuwa nimeandika. Mafuta nilinunua, sina hati. Kibarua nilimlipa, sina saini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na si mali tu. Rafiki yangu mmoja aliondoka siku ile hakunisemesha tena, mpaka tulipokutana makaburini siku ya kumzika mama yake. Mashine ile ilioza chini ya mwembe. Haikuuawa na mwizi. Iliuawa na watu wema wasiokuwa na daftari.

Na tusidhani kwamba jambo hili haliwezekani. Lilipata kuwezekana kwa jirani zetu wa Tanzania. Mapema katika miaka ya 1960, huko Litowa karibu na Songea, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji chao cha kulima pamoja. Walianza wachache. Kazi na mgawo wa mapato vilipangwa katika mkutano wa wanakijiji wenyewe, na shule yao wakaiendesha kwa namna iliyofaa maisha yao. Vijiji vingine vikaiga, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwalimu Nyerere mwenyewe alivutiwa na kazi yao. Hata hivyo, mwezi wa Septemba 1969, wakubwa wa TANU walikata shauri kukivunja chama hicho, kikavunjwa. Kisha katika miaka ya 1970 watu wengi wa nchi ile walihamishiwa vijijini kwa amri, na penye ubishi kwa nguvu.

Hapo nayaona mafunzo mawili. La kwanza, kijiji kilichoanzishwa kwa hiari huleta juhudi ambayo amri haiwezi kuileta. Kwa hiyo sisi wazee tusiwapangie vijana hawa kila kitu, wakawa vibarua wa mawazo yetu. La pili, kilichojengwa kwa miaka mingi chaweza kubomolewa kwa neno la siku moja, ikiwa wenyewe hawana haki ya kukilinda. Sisi leo tunayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Sheria hiyo yatambua jamii iliyoandikishwa, yawapa wanajamii mkutano wao, na kamati wanayoichagua wenyewe ya watu 7 hadi 15. Kibali cha mdomo cha mzee mmoja, hata kama mzee huyo ni mimi, hakitoshi. Mimi nitakufa, na mwanangu aweza kusema hakusikia.

Ndugu wanachama, liko na shauri la mto. Mto wetu hutoa, nao huchukua. Sisi tuliokuwa watoto mwaka 1961 twayakumbuka yale mafuriko makubwa, na ya 1997 hata vijana wengine wanayakumbuka. Ya 2018, ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 hayahitaji kusimuliwa. Tena, tangu bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, maji yanayotufikia hayafuati mvua peke yake, bali pia hali ya mabwawa yaliyoko juu. Kalenda ya babu zetu haitoshi tena peke yake.

Watazameni wenzetu wa Hola. Kilimo cha kumwagilia kilianza kule katika miaka ya 1950, kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini na serikali ya kikoloni. Baada ya uhuru kikawa riziki ya familia nyingi. Mwaka 1989 mto ukaacha njia yake, ukapita pengine, mitambo ya kuvuta maji ikabaki imekodolea macho mchanga. Watu hawakuwa wavivu, wala hawakukosa umoja. Walikuwa wametegemea mdomo mmoja wa kunywea maji. Basi mtu asijiite mwenye kujitegemea ikiwa riziki yake yote imening'inia kwenye mashine moja.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo ni zito kulitamka, walakini kulinyamazia ni hatari zaidi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 katika Delta hii yetu watu zaidi ya 100 waliuawa, wake kwa waume na watoto. Tulizika sisi, na jirani zetu wafugaji walizika. Sitafufua shauri la nani alianza. Nasema tu kwamba shamba na njia ya mifugo kwenda majini, ile tuiitayo malka, ni mambo mawili yanayokutana ukingoni mwa mto ule ule. Vijana hawa katika barua yao wamechora ramani nzuri. Wameonyesha mpunga, wameonyesha migomba, wameonyesha mizinga. Sikuona malka. Ng'ombe wenye kiu hasomi ramani, naye mchungaji wake hawezi kumwambia arudi. Kijiji cha watu wenye nia moja lazima kikumbuke kwamba jirani yake ana nia nyingine, na nia hiyo nayo ni ya haki.

Kujitegemea si kujitenga. Chumvi tutainunua, mtoto akiugua tutampeleka zahanati, na ndizi zikizidi tutazipeleka soko la Garsen. Anayejitegemea kweli ni yule awezaye kuishi na wenzake pasipo kuwa mzigo kwao, wala wao kuwa windo lake.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa niaba ya Halmashauri naleta mbele ya Mkutano masharti haya, yajadiliwe:

Kwanza, vijana hawa waandike katiba yao kabla ya kufyeka hata kichaka kimoja, na kila mwanachama, mwanamke kwa mwanamume, aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Mke asihesabiwe ndani ya jina la mumewe.

Pili, katiba hiyo iseme wazi jinsi mtu atakavyotoka, na atatoka na nini. Mlango wa kutokea ukijulikana, hakuna haja ya kuvunja ukuta.

Tatu, daftari la fedha lisomwe mbele ya wote kila mwezi, na katika kila mavuno fungu moja liwekwe kwa ajili ya matengenezo, kabla ya mgawo.

Nne, nyumba na ghala la mbegu viwe juu, mahali ambapo maji ya 1997 hayakufika. Wazee wanapajua, nao wataonyesha. Mazao yawe ya namna nyingi, ili mwaka wa maji uwe na chakula chake, na mwaka wa ukame uwe na chakula chake.

Tano, kabla ya mche wa kwanza kupandwa, wazee wetu na wazee wa Waorma na Wawardei wakae pamoja, waitembee malka kwa miguu, waweke alama, na maandishi yashikwe na pande zote.

Mkiyakubali hayo, Halmashauri yapendekeza mchango utolewe kwa mafungu: fungu la kwanza baada ya katiba, la pili baada ya mavuno ya kwanza na daftari lake.

Nimesema sana na vijana. Yafaa niseme kidogo na wazee wenzangu. Twalalamika kila mwaka katika mkutano huu kwamba vijana wanakimbilia Malindi na Mombasa, na kwamba atakayetuzika hayupo. Lakini nani kati yetu amemwonyesha kijana wake kipande cha ardhi akamwambia, hiki ni chako kukilima bila kuniuliza? Si haki kumdai mtu katiba, daftari na ramani, kisha ukamnyima udongo. Msemo wasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi watoto wetu tumewakalisha kama wageni kwa miaka ishirini, na jembe bado tumelishika.

Mimi nimekwisha kuzungumza na wanangu. Kile kipande changu chenye miembe ya zamani, kilichoko juu ya ukingo, nakitoa kiwe mahali pa nyumba zao na ghala lao, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Ndipo mahali ilipoozea mashine yetu ile. Chuma chake kingali pale. Nawaomba vijana wasikiondoe. Kila mwezi watakapokaa chini ya mwembe kusoma daftari, wakitazame.

Bwana Mwenyekiti, naliacha jambo hili mikononi mwa Mkutano.