Mwenyeji Nani, Mgeni Nani? Mafunzo Kutoka Mji wa Witu

(Hotuba kwa vijana na wazazi baada ya futari ya pamoja)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.



Nimepewa dakika chache kabla ya Isha na Tarawehe, kwa hivyo sitazunguka sana. Nataka tuzungumzie swali ambalo sisi Wakenya tunaulizana kila siku: "Wewe ni mtu wa wapi?" Swali lenyewe halina ubaya. Ubaya unakuja pale jibu linapogeuzwa kuwa mizani. Nani aingie kamati ya msikiti? Nani akija kuposa akubaliwe, na nani aambiwe "tutafikiria" mpaka achoke mwenyewe? Nani akizungumza barazani asikilizwe, na nani aambiwe "wewe ni wa kuja tu"?

Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Allah anatufahamisha kwamba tofauti zetu za mataifa na makabila ameziweka Yeye, na ameziweka ili tujuane. Hakuziweka tubaguane. Na cheo mbele Yake kinapimwa kwa uchamungu. Aya hii sote tumeihifadhi tangu madrasa. Sasa tuipeleke katika mji mmoja mdogo tuone inasema nini.

Mji wenyewe ni Witu, kule Lamu bara. Ukitoka Malindi ukapita Garsen ukielekea Lamu, lazima uupite. Ni mji mdogo, umezungukwa na mashamba na msitu. Lakini ukisimama sokoni utakutana na Waswahili na Wabajuni, Wapokomo, Waorma, Wagiriama, Wasomali, Wakikuyu, na wale watu wa msituni, Waaweer na Wasanye. Kuna Waislamu na kuna Wakristo.

Sasa niulize: katika hawa, mwenyeji ni nani?

Wengi watasema haraka: Waswahili. Ndio waliojenga mji. Naam, lakini walitoka wapi? Aliyeuasisi mji wa Witu ni Sultani Ahmad, aliyejulikana kama Simba, wa ukoo wa Nabhani wa Pate. Alikosana na masultani wa Unguja, akafukuzwa visiwani, na katika miaka ya 1860 akajificha na watu wake ndani ya msitu wa Witu. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mkimbizi.

Na hakukaa peke yake. Witu ilipata sifa pwani nzima kuwa ni mahali pa kukimbilia. Watumwa waliotoroka mashamba ya Lamu na Malindi, wale walioitwa watoro, walikwenda huko. Waliokuwa na deni walikwenda, waliokosana na watawala walikwenda. Asili zao zilikuwa za mbali, wengine zikifika bara hasa, huko walikotekwa babu zao. Wote wakawa watu wa Witu. Na kabla yao wote, msitu ule ulikuwa na wawindaji wake, Waaweer na Wasanye, ambao hata leo ndio wa mwisho kuulizwa maoni.

Tusiipambe historia. Witu haikuwa pepo. Watu wake nao walivamia mashamba ya jirani na kuteka watu. Mwaka 1885 Wajerumani waliutia chini ya ulinzi wao, mwaka 1890 wakawaachia Waingereza, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa pale, jeshi la Waingereza likauchoma mji. Moto ule haukuchagua nyumba ya mjukuu wa Nabhani na kibanda cha mtoro.

Katika miaka ya 1970 serikali ilianzisha mpango wa makazi wa Lake Kenyatta kule Mpeketoni, jirani na Witu, na familia nyingi za Wakikuyu zikaja kulima. Hao ndio wanaoitwa wageni. Lakini mtoto aliyezaliwa pale mwaka 1975 leo ana wajukuu. Ndugu zangu, mtu anaacha lini kuwa mgeni? Kama ni kuja, basi Sultani mwenyewe alikuja.

Hili si jambo la mzaha, kwa sababu swali hili limeua. Agosti 2012, siku chache tu baada ya Idi, kijiji cha Riketa huko Tana Delta kilivamiwa. Watu wapatao 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Yalikuwa mapigano ya Waorma na Wapokomo, mfugaji na mkulima, kwa ajili ya maji, malisho na siasa. Yalipoisha, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa, na miongoni mwa jamii hizo Waislamu ni wengi. Tafakarini: nguo za Idi hazijafuliwa, na damu imeshamwagika.

Kisha Juni 2014, Mpeketoni na vijiji vya karibu. Zaidi ya watu 60 waliuawa kwa siku mbili. Al-Shabaab walidai kuhusika, na walionusurika walieleza kwamba wauaji waliuliza watu dini zao. Sisi vijana wa Kiislamu lazima tuseme wazi, bila ya "lakini" yoyote: hiyo ni dhulma, na Uislamu uko mbali nayo.

Turudi kwa Mtume (S.A.W.). Madina nayo ilikuwa mji mdogo wa mashamba ya mitende. Aus na Khazraj walikuwa wamepigana vita vya miaka. Kulikuwa na makabila ya Kiyahudi. Wakaja Muhajirina kutoka Makka, mikono mitupu. Akawemo Bilal Mhabeshi, Suhaib Mrumi, Salman Mfursi. Mtume alifanya nini? Aliwaunganisha Muhajirina na Ansari kwa undugu, nyumba kwa nyumba, na akaandikiana mkataba na makabila ya mji, Mayahudi wakiwemo. Hakumwambia mtu asahau kabila lake. Ansari alibaki Ansari. Lakini Abu Dharr alipomtukana mwenzake kwa ajili ya mama yake, Mtume alimkemea kwamba bado ana jahiliya ndani yake. Abu Dharr, sahaba mkubwa! Sisi je?

Kuna atakayesema: "Mbona ardhi yetu imechukuliwa, tunyamaze?" Hapana. Malalamiko ya ardhi ya pwani ni ya kweli, na kudai haki si ukabila. Imepokewa kwamba Mtume aliulizwa kama mtu kuwapenda watu wake ni ubaguzi, akajibu kwamba ubaguzi ni kuwasaidia watu wako katika dhulma. Hapo ndipo mpaka ulipo. Dai hati yako, nenda mahakamani, nenda tume ya ardhi. Lakini usimchukie mama anayeuza mboga sokoni kwa dhambi ya afisa aliyegawa viwanja.

Nimalize kwa mambo matatu ya kufanya kabla ya Idi.

Kwanza, tufunge na ndimi. Aya ya 11 ya sura ile ile inatukataza kuitana majina ya kejeli. Waorma hawapendi kuitwa Wagala, na Waaweer wengi hawafurahii jina la Boni. Basi tuwaite wanavyojiita. Na neno "mtumwa" kwa mtu yeyote tulizike kabisa. Mwenye kufunga huku anatukana, ameshinda njaa tu.

Pili, futari. Sahani ya mahamri na maharagwe ivuke ukuta wa jirani usiyemzoea, Muislamu au si Muislamu. Haki ya jirani haina kabila.

Tatu, ninyi wazazi wetu, kwa heshima zote: kijana akija kuposa, ulizeni dini yake na tabia yake. Mkishapata jibu la hayo, msitafute sababu ya kumrudisha katika jina la babu yake.

Dakika chache zijazo tutapanga safu, bega kwa bega. Asisogee mtu kwa sababu ya aliyesimama kando yake.

Ewe Mola, tupatanishe nyoyo zetu, walinde watu wa Witu, wa Tana na wa nchi yetu yote, na utukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.