Na Wakikipata, Je?

Leo nataka kuungama mbele yenu kosa nililolifanya mimi mwenyewe nikiwa mimbarani.

Jumapili moja nilihubiri juu ya nyota. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wataalamu wa anga wamegundua kitu kisichoonekana, ambacho huzishika nyota zisitawanyike, nao hawajui ni kitu gani. Nikapaza sauti, nikasema, "Wao hawakijui, lakini sisi tunakijua! Ni mkono wa Mungu!" Watu wakaitikia Amina. Baada ya ibada, msichana mmoja wa sekondari aliningoja mlangoni. Akanisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mchungaji, na wakikipata, je?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani, nikaanza kusoma upya, safari hii bila haraka. Haya ndiyo niliyojifunza.

Sayari iliyo karibu na jua hukimbia, na iliyo mbali huenda polepole. Dunia yetu hulizunguka jua kwa mwendo wa kilomita 30 kila sekunde, lakini Neptuni, iliyo mbali sana, huenda kilomita 5 na kidogo tu. Sababu ni kwamba mvuto wa jua hupungua kadiri unavyokwenda mbali nalo. Basi watu walitazamia kwamba katika galaksi, yaani kundi kubwa la nyota kama hili letu, mambo yangekuwa vivyo hivyo: walio karibu na katikati, penye nyota nyingi, wakimbie, na walio pembeni wajikokote.

Mama mmoja Mmarekani, Vera Rubin, pamoja na mwenzake Kent Ford, walipima mwendo wa mawingu ya gesi yanayong'aa katika galaksi iitwayo Andromeda. Mwaka 1970 walitoa matokeo yao. Yale ya pembeni hayakupunguza mwendo kama ilivyotazamiwa. Kwa mbio zile, mvuto wa vitu vinavyoonekana peke yake usingetosha kuyazuia yasitoroke. Na tangu mwaka 1933 Fritz Zwicky alikuwa ameona ajabu ya namna hiyo katika mkusanyiko wa galaksi nyingi. Leo wataalamu wengi wanakadiria kwamba maada isiyoonekana ni zaidi ya mara tano ya hii tunayoiona na kuigusa. Wanaiita maada ya giza.

Ni kitu gani basi? Yako mawazo mengi, na moja ni aksioni. Mwaka 1977 Roberto Peccei na Helen Quinn walikuwa wakishughulika na fumbo jingine kabisa. Hesabu za ile nguvu inayofunga kiini cha atomu ziliruhusu jambo fulani litokee, lakini kila lilipopimwa halikuonekana. Wakatoa njia ya kulifumbua. Mwaka 1978 Steven Weinberg na Frank Wilczek wakatambua kwamba njia hiyo, ikiwa ni ya kweli, inadai kuwako kwa chembe mpya. Wilczek akaipa jina la sabuni ya kufulia iliyouzwa kwao Marekani, Axion, kwa kuwa chembe hiyo ingeondoa doa katika hesabu. Baadaye ikaonekana kwamba chembe hizo, nyepesi kuliko elektroni kwa mara mabilioni, zingeweza kuwa nyingi kiasi cha kuwa ndiyo ile maada ya giza. Kama ziko, zinapita hata katika chumba ulimoketi sasa hivi, nawe huna habari.

Ndugu msikilizaji, utashangaa zinavyotafutwa. Zinatafutwa kwa namna ya redio! Mwaka 1983 Pierre Sikivie alionyesha kwamba aksioni ikipita penye sumaku yenye nguvu nyingi huenda ikageuka kuwa wimbi kama haya yanayokuletea sauti yangu. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, wameweka chombo cha chuma kilichopakwa shaba ndani ya sumaku kubwa, wakakipoza kwa baridi isiyopatikana popote duniani kwa asili. Kisha wanatafuta, kama mzee anayetafuta stesheni usiku, mshale ukisogea kidogo kidogo juu ya namba. Tofauti ni kwamba yule mzee anaijua namba ya stesheni yake. Hawa hawaijui. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kutoka megahezi 645 hadi 680 walisikiliza kwa makini ya kutosha, na hawakusikia kitu. Wakasogeza mshale, wakaendelea.

Liko jambo moja lililonigusa moyo. Wenyewe hupenyeza kwa siri ishara ya bandia ndani ya chombo, bila wasikilizaji kuambiwa, ili kuwapima kama kweli wako macho. Na hata ishara ikisikika, hawapigi vigelegele. Huirudia, huichunguza, hujiuliza kama ni ile ya bandia au kelele iliyopenya kutoka nje. Mpaka leo hawajasema, "Tumeisikia." Huenda maada ya giza ni kitu kingine kabisa, na wako wachache wanaofikiri kwamba kanuni ya mvuto ndiyo inayohitaji kusahihishwa. Nao hulisema hilo waziwazi.

Nikaona haya. Watu wale, wenye vyombo vya kila namna, wamesikiliza miaka mingi na bado wanasema, "Hatujui." Mimi, kwa kusoma ukurasa mmoja, nilisimama mbele ya watu nikasema najua. Tena nilimweka Mungu mahali pabaya. Nilimweka pale tu ambapo taa haijawashwa, kana kwamba taa ikiwashwa atalazimika kuhama. Lakini yeye ndiye Mungu wa jua tunalolijua sawasawa na wa kitu tusichokijua bado. Tena iko amri inayotukataza ushahidi wa uongo, nayo haikumwachilia mtu anayesema uongo kwa ajili ya kumsifu Mungu.

Jumapili iliyofuata nilisimama palepale mimbarani nikasahihisha maneno yangu. Haikuwa rahisi. Kisha nikamjibu yule msichana, "Mwanangu, wakikipata, tutamshukuru Mungu, nasi tutakuwa tumejifunza kazi yake moja zaidi. Wasipokipata, tutamshukuru vilevile."

Na wewe, mzazi au mwalimu, mtoto akikuuliza neno usilolijua, usimkemee, wala usimtungie jibu. Mwambie, "Sijui, tutafute pamoja." Imani yake haitapungua kwa neno hilo.