Mayai ya Manjano Chini ya Jani

(Hotuba ya Kamati ya Mazao kwa mkutano wa kutimiza miaka 10 ya Umoja)



Katika sherehe kama hii watu wamezoea kusikia habari za mizani na fedha. Sisi twaomba ruhusa kusema habari za kitu kidogo kuliko punje ya ulezi.

Hapana mkulima hapa ambaye hajapata kugeuza jani akaona fungu la mayai ya manjano, membamba, yamesimama wima pamoja. Wengi wetu hukimbilia bomba la dawa. Ndivyo tulivyofanya sisi wenyewe katika bustani ya kabichi ya Kamati. Majuma machache baadaye vidukari walifunika mboga zote, nasi tukanunua dawa mara ya pili. Mayai yale yalikuwa ya mbawakawa mdogo wa mviringo, mwenye mgongo kama wa kobe, ambaye wengine humwita mdudu-kibibi. Na chakula chake ni vidukari. Kidukari huzaa watoto hai bila kungoja dume, kwa hiyo hujaa upya upesi kuliko adui zake. Tuliwaua walinzi wetu kwa fedha zetu.

Lakini shida ni hii: katika ukoo huohuo wako walao majani, hasa ya maboga, matango na jamii ya viazi. Nao hutaga mayai ya manjano yaliyosimama vivyo hivyo. Kwa jicho tupu ni vigumu mno kuyapambanua, na atakayewaambia kuwa ayatambua akiwa amesimama mlangoni, msimsadiki. Basi tazameni jirani za yai. Likiwa karibu na vidukari, yaelekea mama yake amewatagia watoto karibu na nyama. Likiwa juu ya jani la boga lisilo na vidukari, tena lenye alama za kukwanguliwa, shukeni neno.

Yakiisha kuanguliwa, kwa kawaida ndani ya juma moja, mambo huwa wazi. Buu wa mla vidukari huwa mweusi au wa kijivu, mara nyingi ana madoa ya rangi ya chungwa. Ana miguu mirefu, naye hukimbia huku na huku mfano wa mamba mdogo. Wengi humwua kwa kuwa sura yake yatisha. Buu wa mla majani ni wa manjano, mzito wa mwendo, na mwili wake umejaa miiba yenye matawi. Hukwangua nyama ya jani akaacha mishipa na ngozi nyembamba kama kioo. Hata wakubwa wao hutofautiana: mla vidukari mgongo wake hung'aa, bali mla majani ana vinyweleo vifupi, hata aonekana kama amepakwa vumbi.

Kwenye maharage msihangaike kutafuta mayai ya yule mbawakawa atoboaye majani, kwani yeye hutaga udongoni, na watoto wake hula mizizi.

Wadudu hawa si mchezo. Mwaka 1888 Albert Koebele alipeleka wadudu-kibibi kutoka Australia hadi California, ambako wadudu weupe wa magamba walikuwa wakiangamiza michungwa. Wa kwanza walifunguliwa ndani ya hema lililofunika mti mmoja. Kabla ya mwaka 1890 kwisha mashamba yalikuwa yamepona.

Mwenye shaka na akate jani lenye mayai, alitie katika chupa, afunge mdomo kwa kitambaa. Yakianguliwa, aweke kipande cha jani kibichi na vidukari kadhaa, kisha atazame kipi kinaliwa. Walao majani wakiwa wachache, yatosha kuwaponda kwa vidole. Chupa zenu zileteni siku ya mnada. Tutaweka meza karibu na mizani, tuzitazame pamoja na Bwana Shamba.