Taa ya Kurudi Nyuma Isipowaka

Mpunga umekwisha kauka, magunia yamefungwa, na pikapu inarudi nyuma kusogea kwenye turubai ili ipakiwe. Ni saa moja usiku. Watoto wanacheza nyuma yake, na ile taa nyeupe haiwaki. Basi leo hatuzungumzii faini ya polisi, tunamzungumzia mtoto.

Hapa Ifakara, tangu daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, hatungoji tena pantoni kwenda Ulanga. Lakini tope la masika ni lile lile, na swichi ya taa hii hukaa kwenye giaboksi, mahali hasa tope linaporukia.

Kabla hujaingia uvunguni, tazama globu na fyuzi. Wako mafundi wanaokimbilia swichi kwanza. Huko ni kutafuta kazi.

Vikiwa vizima, egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, zima injini, uache giaboksi ipoe. Tafuta kidude chenye kichwa cha kushika spana na waya mbili, kimefungwa ubavuni au juu ya giaboksi. Ukiingiza gia ya rivasi, kipini chake husukumwa na umeme hupita. Gari linalovuta magurudumu yote manne huwa na swichi nyingine inayofanana nayo. Fuata waya ziendazo taa za nyuma. La gia otomatiki mwachie fundi.

Chomoa soketi, safisha tope na kutu ya kijani. Unganisha matundu mawili ya upande wa waya kwa kipande cha waya, kisiguse chuma, la sivyo fyuzi itaungua. Mwenzako afungue ufunguo bila kuwasha injini. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, waya umekatika njiani. Panya wa ghalani nao huzipenda.

Unapobadili swichi, kinga chombo, maana oili huweza kutoka. Rudisha washa moja yenye unene ule ule: ukiisahau oili itavuja, ukiweka mbili kipini hakitafika. Usikaze kwa nguvu zote, giaboksi nyingi ni za aluminiamu. Kisha pima oili.

Swichi mpya ikichelewa, utingo ashuke na tochi, asimame pembeni dereva anapomwona kwenye kioo, na watoto waondolewe kwanza.