Hotuba ya Kamati kwa Vijana Waliomaliza Mafunzo ya Ufundi, Kambi ya Dzaleka



Leo mnapokea vyeti vya ushonaji, useremala, sabuni na kompyuta. Tunawapongeza kwa moyo wote, na tunawashukuru walimu wenu, ambao wengi wao ni wakimbizi kama sisi. Lakini tukiishia kwenye pongezi tutakuwa tumewanyima haki yenu. Mwenye cheti anajua kutengeneza. Sasa inabaki ajue kupima mambo na kuamua mwenyewe, mwalimu akiwa hayupo.

Tuchukue sabuni. Kilo 1 ya mafuta ya mawese huhitaji soda kali karibu gramu 140. Ya nazi hufika kama gramu 180. Basi aliyefundishwa kwa mafuta ya nazi, akakuta sokoni mawese tu, akatia soda ileile, atatoa kipande cheupe kizuri cha kuunguza ngozi ya mtoto. Mkono wake haukukosea, alifuata alivyofundishwa. Hali kadhalika, soda hutiwa ndani ya maji, wala si maji juu ya soda, maana hufoka na kumrukia mtu usoni. Tena usitumie sufuria ya alumini, soda huila. Anayejua sababu ya mambo haya ataweza kubadili kazi yake mafuta yanapobadilika. Asiyejua atabaki na karatasi ya mwalimu.

Sasa bei. Tuseme vifaa vimegharimu kwacha 18,000, vikatoka vipande 60, ukauza kila kimoja kwacha 350. Umepata 21,000, unafurahi kwamba faida ni 3,000. Je, kuni za 1,500 ulizihesabu? Na 3,500 za mtu uliyemtuma Lilongwe kukununulia soda? Umepoteza kwacha 2,000, na siku zako mbili za kazi hujazilipa bado. Kuna vijana hodari wanaofunga biashara wakisema wamerogwa na jirani, kumbe ni hesabu hii tu.

Hapa tunawaomba ndugu zetu wa mashirika jambo moja, na msituone wakali. Mafunzo ya sabuni yasiyo na mizani ni mafunzo nusu. Na kabla ya kufundisha washonaji wengine 30, tupite pamoja sokoni tuhesabu vyerehani vilivyokaa bila kazi.

Ninyi wa kompyuta, kazi yenu haina soda lakini inaunguza vilevile. Kazi za kutafsiri na kuingiza takwimu kwa njia ya intaneti zipo. Ila anayekutaka ulipe kwanza ndipo akupe kazi, huyo hana kazi. Mkataba ukija kwa Kiingereza usichokielewa, usitie sahihi kwa aibu. Mwombe mwenzako akusomee. Tafuta humo nani analipa, kiasi gani, siku gani, na mkikosana inakuwaje.

Liko jambo lingine linalowala watu wetu, nalo ni wanaouza safari. Tunasema wazi mbele ya wageni: kupelekwa nchi ya tatu hakuuzwi, na huduma za UNHCR hutolewa bure. Anayedai hela ili jina lako liingie kwenye orodha ni mwizi, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Mama aliyeuza bati za nyumba yake kumlipa mtu wa namna hiyo hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka kungoja, na mwizi anajua sana kumtambua aliyechoka.

Mtatuuliza, ufundi huu tutautumia wapi? Swali ni la haki. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ikaweka masharti yake juu ya ajira na juu ya uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 tuliona wenzetu waliokuwa na maduka mijini wakirudishwa kambini, ambayo ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu elfu kumi na kitu na sasa ina zaidi ya 50,000. Hatuwezi kuwaambia kwamba cheti kinafuta sheria. Tunawaambia muijue sheria ilivyo, msiisikie kwa uvumi wa kwenye bomba la maji. Mkataba huohuo, kifungu cha 2, unatudai tutii sheria za nchi iliyotupokea. Anayejua anachodaiwa ndiye anayeweza kuomba kwa hoja anachostahili, mbele ya ofisi yoyote, bila kupiga kelele.

Na uraia tunajifunzia hapa hapa. Mkichagua viongozi wa mitaa, msimchague mtu kwa kabila lake wala kwa kilo ya sukari. Mwulizeni daftari la fedha liko wapi. Mtuulize na sisi: daftari la kamati liko kwa katibu, na kila mkazi anayo haki ya kulisoma.

Mwisho, kamati imepata mizani moja ndogo ya gramu. Itakaa ofisini, na kila Jumanne asubuhi watengenezaji wa sabuni waje kupimia soda bila malipo. Wenye mikataba ya kusomewa waje siku hiyohiyo. Njooni na kalamu.