Maana ya Kumshitaki Mtu: Funzo la Waendorois



Hapa Nakuru mtu akipokea hati ya kuitwa kortini, huhesabu kwamba ametangaziwa uadui. Salamu hukatika, na ndugu hawaendeani tena hata matangani. Mimi nashikilia kinyume chake. Anayekushitaki amekupa nafasi ya kujibu mbele ya mtu baki, na yeye mwenyewe amekubali kwamba anaweza kushindwa. Anayekuja usiku kuchoma nyumba hakupi nafasi hiyo. Sisi wa Bonde la Ufa, tuliozika watu wetu katika machafuko ya baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, tunaijua tofauti.

Tazameni kesi ya Waendorois, jamii ya wafugaji. Mwaka 1973 serikali ilianza kuwahamisha kutoka kandokando ya Ziwa Bogoria ili kuweka hifadhi ya wanyama. Walipoteza malisho, chumvi waliyolamba mifugo wao, na mahali pao pa ibada. Mwaka 1986 familia 170 zilipewa shilingi 3,150 kila moja. Basi.

Walikuja Mahakama Kuu papa hapa Nakuru. Mwaka 2002 ombi lao likatupiliwa mbali: ardhi ilikwisha kutengwa kuwa hifadhi, zile pesa za 1986 zikahesabiwa kuwa zimetosha, na mahakama haikuweza kushughulikia haki ya jamii kumiliki mali kwa pamoja. Hawakuchukua panga. Mwaka 2003 walipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Novemba 2009 Tume ikaamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao. Ikapendekeza warudishiwe ardhi, walipwe fidia, na wapate mgawo wa mapato ya hifadhi.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa kesi. Waliohamishwa kimyakimya walilazimisha serikali ya nchi ijieleze, hoja kwa hoja, kwa maandishi. Lakini hukumu haijitekelezi. Miaka imepita tangu uamuzi ule, na utekelezaji wake haujakamilika. Mteja wako aambiwe hilo mapema, siyo baada ya kuuza ng'ombe kumlipa wakili.

Sheria nayo imesogea. Katiba ya 2010 inatambua ardhi ya jamii, na Ibara ya 22 inamruhusu mtu kudai haki za msingi kwa niaba ya kundi, bila ada ya kufungulia kesi. Kwa deni lisilozidi shilingi milioni moja ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60.

Ombi langu kwenu wasaidizi wa kisheria ni hili: mtu akija na hasira zake, mpeni kiti, kisha mwulizeni anataka jaji aamuru nini hasa. Halafu mwulizeni jambo lenyewe lilitokea lini. Deni la mkataba lina miaka sita ya kufungulia kesi, dai la kuumizwa kwa uzembe miaka mitatu, na shamba miaka kumi na miwili. Wengi wanafika kwenu muda ukiwa umekwisha.